Mifuniko Kwao, Sufuria Kwetu

Magamba, Mpanda

Kwa mdogo wangu Kabula,

Mwadila mayu. Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kigoda ukae, maana ni ndefu na magoti yako nayajua. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, huu huu uliojifunza herufi kwenye darasa la ngumbaru, na mistari ikipanda mlima usinicheke, mbele itashuka. Wajukuu walitaka kuniandikia. Nikakataa. Wao wanaandika haraka na kuacha maneno yangu nje kama mbuzi waliosahauliwa.

U mzima? Mguu ule wa kulia umepona au bado unauchua kwa mafuta ya taa? Acha hayo mafuta ya taa Kabula, nilikwambia tangu mwaka juzi, mguu siyo koroboi. Na nasikia wanao wamekununulia simu, lakini ukipigiwa unaitazama tu inavyolia mpaka inyamaze. Simu siyo kifaranga. Ikilia, ishike. Lakini hata ungeishika, haya ninayokwambia leo hayaingii kwenye simu, ndiyo maana nampa barua mtoto wa binamu yetu anayerudi huko kwetu na mizigo ya mchele.

Mimi mzima. Meno ya kutafunia ugali yapo, ya nyama yameshaaga. Mpunga umeingia ndani, mahindi yameanikwa. Ng'ombe siyo wale wa zamani tuliohama nao, lakini wanatosha mtu kuitwa mtu. Masanja mwanangu kaanza kuota mvi na bado hajui kufunga zizi vizuri.

Sasa habari yenyewe. Limi ameolewa.

Ndiyo, Limi wa Masanja, huyo niliyemlea mimi baada ya mama yake kufariki. Tulikualika, hukuja, sikulaumu, njia ni ndefu. Basi, nakulaumu kidogo. Ungekuja ungeona jambo ambalo mimi kwa umri huu sikuwahi kuliona, na ningekuwa na shahidi, maana hapa nikilisimulia watu wanadhani nazidisha chumvi.

Kwanza nikwambie kuhusu Jenerosa. Ukitoka mlangoni kwetu, unavuka barabara, unaingia mlangoni kwao. Barabara yenyewe kuku anaivuka bila kufikiri. Babu zake walitoka Burundi zamani zile za vita, yeye kazaliwa hapa hapa, Mtanzania kama wewe, na Kisukuma anakijua mpaka matusi. Hayo matusi kafundishwa na Limi. Wale watoto walikua pamoja. Walikuwa wanatoka kisimani, Limi anamsindikiza Jenerosa mpaka mlangoni kwao. Jenerosa anasema, "Haya nikurudishe." Wanavuka. Wakifika kwetu, Limi anasema, "Haya na mimi nikurudishe." Wanavuka tena. Ndoo zipo kichwani, maji yanamwagika, mboga inaungua jikoni, nao wanarudishana tu. Mpaka nitoke na mwiko nipige kelele, "Nyie wasichana, mnashona barabara?" Ndipo kila mmoja anaingia kwao mbio.

Wakiwa wadogo hivyo hivyo waliahidiana. Atakayeolewa kwanza, mwenzake atambebea sanduku na kumsindikiza mpaka kwenye gari la wakwe. Ahadi ya watoto, lakini waliishika mpaka wamekuwa wakubwa. Siku Limi alipochumbiwa na kijana wa kule Mamba, mkulima wa mpunga, mpole, masikio makubwa kidogo lakini siyo ugonjwa, mtu wa kwanza kuambiwa hakuwa mimi. Alikuwa Jenerosa. Na Jenerosa naye alikuwa na neno lake: amechumbiwa na fundi baiskeli wa Katumba.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Padre wetu anazunguka vigango vingi, alisema Jumamosi hiyo anafungisha ndoa hapa, akikosa hiyo basi mpaka mvua zipite. Kumbe ng'ambo ya barabara nao mchungaji wao kawapangia Jumamosi ile ile, na wamealika kwaya ya mbali yenye spika kubwa kama makabati. Sisi tulijua watasogeza, maana Jenerosa ndiye wa kumbebea Limi sanduku. Wao walijua tutasogeza, maana Limi ndiye wa kumbebea Jenerosa. Kila nyumba ikakaa inasubiri adabu ya nyumba nyingine.

Nilimkuta Mama Jenerosa kwenye bomba.

"Mama Jenerosa, nasikia na nyie Jumamosi ile ile."

"Ndiyo, Bibi Limi. Kwaya tumeshaalika, inatoka mbali."

"Si wana miguu? Waje Jumamosi nyingine."

"Na padre wenu hana miguu?"

"Padre ana pikipiki. Na ana vigango."

"Basi tutaona."

"Tutaona," nikamjibu, nikajitwisha ndoo yangu hata haijajaa.

Kabula, wewe unanijua mimi nikiambiwa "tutaona". Unakumbuka mbina za kwetu, zile ngoma za mashindano baada ya mavuno. Bagika huku, Bagalu kule, uwanja mmoja, kila upande unapiga ngoma zake na hakuna mwamuzi. Mwamuzi ni miguu ya watu. Wanakokimbilia ndiko kuliko na ushindi, na wanaobaki wanacheza peke yao wanarudi nyumbani wanaangalia vidole. Mimi nilikuwa Bagika, na wewe ukawa Bagika kwa kunifuata, na hatukuwahi kurudi tunaangalia vidole. Sasa mwanamke wa kwaya ananiambia mimi tutaona! Siku ile ile nikamwambia Masanja, "Nenda katafute wapiga ngoma. Wale wenye mikono, siyo wale wenye kofia."

Katikati ya hayo ikaja sinema.

Limi na Jenerosa walikwenda wote mjini Kashaulili kununua shela, wakati huo bado wanaongea vizuri tu, wanasema ugomvi ni wa wazee. Muuza flashi akawaambia ana sinema ya marafiki wawili wanaoolewa siku moja, mtacheka mpaka mlie. Wakaileta. Masanja akatoa runinga nje, akaunganisha sola, mtaa mzima ukaja kukaa uwanjani kwetu kabla jua halijazama. Hata Mama Jenerosa alikuja, na kigoda chake mwenyewe, ili asikalie changu.

Nikwambie ukweli, sinema ile ilikuwa bure. Anayetafsiri ni mwanaume mmoja, anasemea wote, bibi harusi ana sauti ya mpiga debe. Hao marafiki wawili wanagombea ukumbi. Mmoja anaficha keki ya mwenzake. Mwingine anawaambia wageni njia ya uongo. Wanasukumana, wanaangukia kwenye maua, halafu mwishoni anatokea bwana mmoja amevaa suti, anawaambia ukumbi una milango miwili, wanakumbatiana, basi, imekwisha. Watu walicheka mwanzoni. Katikati wakaanza kumenya miwa. Mwishoni ukiacha mimi na runinga hakuna aliyekuwa macho sawasawa.

Sinema gani ya harusi haina hata mtu mmoja anayechochea moto? Harusi mbili, sijaona sufuria! Sijaona mama wa binti, sijaona shangazi, mahari haikutajwa, bibi hayupo kabisa, nadhani walimzika kabla hawajaanza. Na lililoniudhi zaidi ni hili. Hatukuonyeshwa hata siku moja wale wasichana wakipendana. Hawachoti maji pamoja, hawacheki pamoja, wanaanza tu kugombana. Sasa ukivunja chungu ambacho sikukiona kikiwa kizima, mimi nilie kwa ajili ya nini?

Lakini upuuzi nao una mbegu. Kabla watu hawajaondoka, mwanamke mmoja wa jirani, mdomo wake hauna komeo, akasema, "Jenerosa, yule mrefu aliyeachwa na wageni ndiye wewe." Watu wakacheka. Jenerosa naye akacheka, akasema, "Mimi niachwe, na kwaya yangu ile? Labda Limi na ngoma zake za porini." Limi akajibu, "Za porini ndizo zinakuja na ng'ombe. Kwaya inakuja na njaa."

Walitania. Siku nyingine yangekwisha pale pale. Lakini mama yake alikuwepo, na mimi nilikuwepo, na mtaa ulikuwepo, na mimi nilicheka kwa sauti. Jenerosa akavaa ndala zake, akavuka barabara peke yake. Limi alikaa pale pale kwenye mkeka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wajifunze kutembea kwamba mmoja kavuka na mwenzake hakumsindikiza.

Tangu hapo wakawa kimya. Mmoja akienda bombani mwingine anasubiri arudi. Limi alikuwa anafagia uwanja huku amegeuzia barabara mgongo, na uwanja wa mbele huwezi kuufagia hivyo, unajikanyaga. Nilimwona. Lakini nilikuwa nashughulika na ushindi.

Vyombo navyo vikaleta vita yake. Hapa mtaani kina mama tuna kikundi, na kikundi kina sufuria zake kubwa za shughuli, na wapishi ni wale wale wa siku zote. Sasa shughuli mbili, siku moja. Wapishi wakagawanyika kama wameachika. Mimi niliwahi asubuhi nikachukua sufuria zote. Nilikuwa naziviringisha barabarani kama magurudumu, Mama Jenerosa amesimama mlangoni ananitazama. Nikajua nimeshinda. Kumbe yeye alikuwa ameamka kabla yangu, akachukua mifuniko yote. Na miiko mikubwa yote!

"Mama Jenerosa!" nikamwita kutoka uwanjani kwetu. "Mfuniko bila sufuria utaufanyia nini? Utautumia kama ngao?"

"Na wewe wali usiofunikwa utauitaje, Bibi Limi? Uji?"

Wao wakaazima sufuria nyingine huko Kashaulili. Sisi tulifunika zetu kwa majani ya mgomba na vipande vya bati, na wali ukaiva upande mmoja. Ule upande mwingine tuliwapa wanaume waliochelewa.

Jumamosi ikafika. Ndoa zilifungwa asubuhi, kila mtu kanisani kwake, mchana chakula nyumbani kwa mabinti, na jioni wakwe wanachukua mali yao. Magari mawili yakapaki barabarani yamepeana mgongo, moja linatazama njia ya Mamba, jingine njia ya Katumba. Nilipoyaona vile moyo wangu ulisema neno, nikauambia nyamaza.

Kwaya yao ilianza. Kabula, walijua kuimba, nisiwe mwongo. Sauti zilipanda mpaka bati za nyumba yetu zikawa zinaitikia. Watu wakaanza kuvuka, mmoja mmoja, wanajifanya wanakwenda kusalimia tu. Uwanja wetu ukabaki na mapengo. Masanja akanitazama. Nikavua viatu.

Nikaingia mimi mwenyewe kati ya ngoma, na mwiko wangu mdogo mkononi, nikatoa wimbo ule wa kwetu wa kumcheka mtu aliyefuga paka akidhani ni ndama. Unaukumbuka? Wapiga ngoma wakapagawa. Nilicheza magoti haya haya, na mabega haya, vumbi likapanda, vijana wanapiga mbinja, "Bibi! Bibi!" Watu wakarudi mbio, sasa wanakuja na wengine ambao hatukuwaalika. Hata mzee mmoja wa kanisa lao niliona anatikisa kichwa kwa siri. Nilipotazama ng'ambo, kwaya ilikuwa inaimbia viti. Jenerosa amekaa kwenye kiti chake cha bibi harusi na mume wake fundi, wamenyooka kama nguzo mbili za geti, na mbele yao hakuna mtu, kuku tu.

Nimeshinda, nikasema. Bagika hoyee.

Ndipo Limi akasimama.

Nikadhani anakuja kucheza na mimi. Akanipita. Ngoma zikapungua.

"Limi, unakwenda wapi?"

"Kwa Jenerosa."

"Bibi harusi haachi kiti chake! Wakwe wanakutazama!"

Akageuka. Hakupandisha sauti, angepandisha ningejua la kumjibu. Akasema, "Bibi, umewachukua watu wote. Mwenzangu anatazamwa na nani?"

Mume wake yule wa masikio naye akasimama. "Na mimi nije?" anauliza.

"Njoo," Limi akamjibu, "ukioa kwetu umeoa na hawa."

Wakavuka barabara, shela inaburuta. Na watu watafanya nini? Watatazama viti viwili vitupu? Wakamfuata bibi harusi. Wote. Waliokuwa wanakula walikwenda na sahani zao. Nilibaki uwanjani na wapiga ngoma na mbuzi mmoja wa kuchinjwa jioni. Mpiga ngoma mkubwa akaniuliza kwa adabu, "Bibi, tuendelee au tupumzike?" Nikamwambia anyamaze na yeye.

Mengine niliyaona kati ya mabega ya watu, mengine nimeambiwa na Masanja. Limi alifika, hakutoa hotuba. Alichukua kanga yake akamfuta Jenerosa jasho shingoni, akamnyooshea shela, halafu akakaa chini, kwenye mkeka miguuni pa kiti cha mwenzake, pale anapokaa mpambe. Bibi harusi mzima, nguo nyeupe yote kwenye vumbi.

Jenerosa akasema bila kumtazama, "Nguo yako inachafuka."

"Ni yangu."

"Inuka, mjinga wewe."

"Siinuki mpaka ucheke."

"Sicheki."

"Basi nitaolewa hapa hapa chini, mpaka nizae."

Jenerosa akacheka. Alicheka huku machozi yanashuka, na watu wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wangu akashtuka. Nilivisikia nikiwa nimekaa peke yangu kwenye kiti cha Limi.

Kabula, mimi nimecheza mbina tangu sijaota matiti. Nimeona watu wakishinda kwa nguvu, kwa dawa, kwa kununua wapiga ngoma wa wenzao. Sijawahi kuona mtu aliyeshinda, uwanja umejaa, akawachukua watu wake wote kwa miguu yake akampelekea mpinzani. Sijaona. Na sinema ile haikuona pia, kwa sababu walioitengeneza hawamjui Limi. Mtoto niliyemlea mimi, kwa ugali wa mikono hii! Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nikasema huyu hakujifunza kwangu. Halafu nikasema hapana, kwangu ndiko alikolala miaka yote, lazima kuna kitu aliokota.

Lakini kuvuka sikuvuka. Unanijua.

Ndipo nikasikia Jenerosa anasema kwa sauti kubwa, "Haya sasa, nikurudishe!" Nikaona watu wanageuka, kundi zima linakuja kwetu, mabibi harusi wawili wameshikana mikono mbele, kwaya nyuma inaimba, wanaume wamebeba spika zile kama majeneza. Na mbele ya wote, Mama Jenerosa. Kichwani kabeba mifuniko, yote, imepangwa mmoja juu ya mwingine, inagongana anavyotembea.

Akaitua mbele yangu.

"Bibi Limi, mifuniko yako hii. Wali wenu umeniumiza roho tangu asubuhi."

"Hujauonja."

"Nimeuona. Inatosha."

Nikamwambia, "Mama Jenerosa, umemzaa mtoto anayejua kukaa kwenye kiti." Maana nilimwona Jenerosa wakati ule hana hata mtu mmoja mbele yake. Hakuinama, hakuondoka, hakumtukana mtu. Alikaa kama binti wa mtu. Mama yake akasema, "Na wewe umelea anayejua kuinuka." Tukashikana mikono kama wanaume wanaouziana shamba, halafu tukaenda jikoni kutazama kilichoweza kuokolewa.

Ngoma na kwaya wakajaribu kupiga pamoja. Haikupendeza, nisikudanganye, ilikuwa kelele, ngoma inakimbia na kwaya inatembea. Lakini watu walikula kwa pamoja, wali wetu wa upande mmoja na nyama yao iliyozidi chumvi, na hakuna aliyejua tena ni wageni wa nani.

Jua likaanza kushuka. Wakwe wakaanza kutazama saa. Masanduku mawili yakatolewa, na hapo kila mtu akakumbuka ile ahadi. Nani ambebee nani, wote wameolewa? Limi akachukua sanduku la Jenerosa, akambebea na kumsindikiza mpaka kwenye gari la Katumba. Wakaagana. Jenerosa akaweka mguu mmoja garini, halafu akautoa. "Haya nikurudishe." Akabeba sanduku la Limi, wakavuka mpaka kwenye gari la Mamba. Wakaagana. Limi akasema, "Na mimi nikurudishe." Wakavuka tena, sasa masanduku yameshaingia magarini, wamebeba mikono yao tu. Madereva wakapiga honi. Mume wa masikio na mume fundi wametazamana kama watu walionunua ng'ombe bila kuambiwa tabia yake.

Wakavuka, wakavuka tena. Na polepole nikaona watu wananitazama mimi. Mtaa mzima. Mwiko wangu nilikuwa nao bado mkononi. Walikuwa wanasubiri nipige kelele kama zamani, nyie wasichana mnashona barabara.

Niliunyanyua. Nikaushusha.

Wao wenyewe wakasimama katikati ya barabara. Hawakuwa wanacheka tena. Jenerosa akarudi hatua moja nyuma. Limi naye akarudi hatua moja nyuma. Wakaendelea hivyo, kinyumenyume, uso kwa uso, shela zinafagia, kila mmoja anamsindikiza mwenzake kwa macho, mpaka kila mmoja akahisi gari limemgusa mgongoni. Ndipo wakapanda. Hakuna aliyempa mwenzake kisogo.

Nilikwenda ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Sasa nisikilize Kabula, hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Siku tuliyohama na ng'ombe kuja huku, wewe ulinisindikiza mpaka kwenye yale mawe makubwa yanayobebana. Ulikuwa mwembamba wakati ule. Ukaniambia, "Dada, na wewe nirudishe kidogo." Nikakwambia ng'ombe wameshatangulia, na ilikuwa kweli, walikuwa wameshatangulia. Ukarudi peke yako. Tangu siku hiyo tumeonana misibani tu, na msibani hakuna anayemrudisha mtu.

Mpunga ukishauzwa nakuja. Masanja nimeshamwambia, hakubisha, anajua. Usije stendi kunipokea na huo mguu, wala usichinje kitu, meno nimekwambia. Nisubiri kwenye yale mawe. Kaa juu ya lile la chini, lile la juu lina nyoka. Ukiniona usikimbie. Tutaanzia pale pale tulipoachana, twende polepole, mpaka mlangoni kwako. Na ukifika mlangoni usithubutu kuniambia "nikurudishe", tutakufa njiani wote wawili.

Nisalimie shemeji yangu mumeo, mwambie ile redio aliyoahidi kunitengenezea mimi bado nasubiri. Msalimie shangazi Wande, mkubwa wetu aliyebaki, mshike miguu kwa niaba yangu. Wasalimie wanao, na yule binti yako wa mwisho anayetaka kuolewa mwambie aangalie kwanza kama ana rafiki, mume atapatikana. Masanja anawasalimu. Mama Jenerosa naye anakusalimu. Hakujui, lakini amekaa hapa pembeni anamenya karanga zangu na kula anazomenya, na ananiambia nimeandika sana.

Ni mimi dada yako, ambaye safari hii ng'ombe watanisubiri,

Nkwimba